Flopi ya mama na dawa iliyomdhuru kaka

Wiki mbili zilizopita kaka yangu alikwenda hospitali kupangiwa tarehe ya upasuaji wa ngiri. Si jambo la dharura, ni upasuaji wa kupangwa, na alikuwa amejiandaa kwa maswali yote: amekula nini, anavuta sigara, ana presha. Swali moja likamkwamisha. Daktari wa usingizi alimuuliza, "Kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

"Penisilini," kaka akajibu. "Mama anasema nikiwa mdogo ilinichubua midomo, nikalazwa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Penisilini kweli, au mnadhani?"

Kaka akampigia mama Morogoro papo hapo, simu ikiwa kwenye spika. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nakumbuka midomo yako. Nakumbuka macho mekundu na vipele. Nakumbuka sindano. Jina la dawa nadhani ni penisilini, lakini siwezi kuapa."

Daktari hakukasirika. Alieleza kwamba upasuaji utafanyika hata bila jibu, kwa kuwa zipo dawa nyingine. Ila mtu aliyewahi kuchubuka midomo na kuvimba macho kwa sababu ya dawa anapaswa kuijua dawa hiyo kwa jina, kwa sababu safari ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. "Kama kuna kumbukumbu yoyote iliyoandikwa, hata kipande cha karatasi, nileteeni kabla ya Alhamisi," akasema.

Karatasi haikuwapo. Kulikuwa na flopi.

Kopo la biskuti

Mama yangu alikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi moja ya wapima ramani. Mwaka ambao kadi ya kliniki ya kaka ililowa mvua ikavurugika wino, aliamua kuchapa kila kitu upya wakati wa mapumziko ya mchana: chanjo, uzito, magonjwa, dawa. Kwa kuwa mambo ya nyumbani hayakuruhusiwa kuhifadhiwa ndani ya kompyuta ya kazi, akaweka kwenye flopi yake na kutembea nayo kwenye mkoba.

Kwa wazazi vijana ambao hamkuiona, flopi ni kile kibapa cha plastiki cha mraba, inchi tatu na nusu, chenye mlango mdogo wa bati unaotelezeka. Ndani yake kuna karatasi laini ya plastiki, ya duara, iliyopakwa unga wa sumaku. Inabeba megabaiti 1.44 tu. Picha moja uliyopiga leo kwa simu yako huenda isienee humo. Lakini maandishi ya mama ya miaka kadhaa yalienea na nafasi ikabaki.

Ofisi ilipobadilisha vifaa, iliwauzia wafanyakazi kompyuta za zamani. Mama akanunua ileile aliyoizoea, lile dubwana zito lililokuwa likitumika kuchorea ramani, boma la chuma linalohitaji watu wawili kulibeba. Lilikaa sebuleni miaka mingi, baadaye likahamia stoo, likafunikwa kitambaa cha kufuma. Flopi zikabaki kwenye kopo la biskuti, tisa kwa jumla. Moja ina karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: "Afya – watoto."

Jumamosi asubuhi nilipanda basi kwenda Morogoro. Kwenye begi nilikuwa na kompyuta mpakato na kisomea flopi cha kuchomeka kwenye tundu la yuesibii, nilichoazimwa na mwenzangu wa chumba cha habari. Nilijiona nimemaliza kazi kabla sijafika.

Swali lililokaribia kutuponza

Nilichomeka kisomea, nikaingiza flopi. Ikalia kidogo, kisha skrini ikaleta ujumbe: diski hii haijaandaliwa kwa matumizi, je, ungependa kuiandaa sasa? Ndiyo au Hapana.

Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. "Bonyeza ndiyo, si inataka kuiandaa?"

Kidole kilikuwa tayari kwenye kibonyezo. Nilisita kwa sababu neno "kuiandaa" halikunikaa vizuri. Kompyuta ikikuuliza hivyo, haisemi kwamba itarekebisha. Inasema itapanga upya sehemu zote za flopi kana kwamba ni mpya, na kilichokuwamo kitapotea. Nikabonyeza Hapana.

Msomaji, kama hutakumbuka kingine chochote katika safu hii kuhusu mitambo, kumbuka hilo. Iwe flopi, flashi, kadi ya simu au diski ya nje yenye picha za mtoto wako: kifaa kikidai kuandaliwa upya, na ndani yake kuna kitu unachokitaka, jibu ni Hapana. Kitoe, kiweke pembeni, tafuta sababu.

Nilijaribu flopi nyingine mbili za mama. Ujumbe uleule. Nikajaribu flopi ya mwenzangu aliyonipa pamoja na kisomea, ikafunguka bila shida. Kwa hiyo kisomea kilikuwa kizima. Flopi za mama ndizo zilizogoma, zote tatu, kwa namna moja. Nikaanza kukata tamaa kwamba zimekufa.

Mama akasema, "Hebu tukamwite mzee wa taipureta."

"Mnaumwa nini leo?"

Mzee huyo ni fundi mstaafu wa mtaa wetu. Alianza kwa kutengeneza mashine za kuchapa, zilipokwisha akahamia kompyuta, na kompyuta za namna ile zilipokwisha akahamia feni na redio. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka mfuko wa vifaa mezani na kuuliza kama muuguzi wa mapokezi, "Haya, mnaumwa nini leo?"

Nikamweleza. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya flopi. "Hizi ziliandikwa kwenye mashine gani?"

"Hilo dubwana la stoo."

"Zote?"

"Zote," mama akajibu.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata dalili aliyoitarajia. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia chuoni. Kwenye flopi, maandishi hukaa katika njia za duara, 80 kila upande, na umbali kati ya njia moja na inayofuata ni kama sehemu ya tano ya milimita. Kichwa kinachosoma hutembea kutoka njia hadi njia. Kichwa cha mashine kikihama kidogo, kwa kuchakaa au kwa kugongwa, kinaandika pembeni ya njia badala ya katikati. Mashine yenyewe haioni kosa, kwa sababu inasoma palepale ilipoandika. Lakini mashine nyingine nzima inapita katikati na kukuta kelele tu.

"Kama mtoto aliyezoea kuandika nje ya mistari," akasema mzee. "Mama yake anamsoma vizuri. Mwalimu mgeni hasomi kitu."

Ndiyo maana ilitubidi kuamsha mashine ya zamani. Kisomea changu kipya hakikuwa na ubovu. Ila mwandiko wa ile draivu huenda ulisomeka kwake yenyewe tu.

Kwanza nje, ndipo ndani

Nilichojifunza mchana ule ni utaratibu, na ni utaratibu uleule ambao wataalamu wa afya hutueleza kila siku kuhusu mtoto mwenye homa: anza na yaliyo wazi, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika ulichofanya, na usijaribie dawa kali kwa mgonjwa uliyenaye mmoja tu.

Mzee alikataa kabisa kugusa flopi ya "Afya – watoto" mwanzoni. Aliiweka juu ya kabati. Akachagua moja ambayo mama alisema ilikuwa na barua za kikundi cha kuweka na kukopa kilichovunjika zamani. "Huyu ndiye wa majaribio," akasema.

Kabla ya kuiingiza popote, aliikagua. Alisukuma mlango wa bati kwa ukucha, akazungusha kitovu cha chuma kilicho nyuma kwa kidole polepole, akitazama uso wa plastiki kwenye mwanga wa dirisha. Uso unatakiwa kuwa mweusi au kahawia, ukiwa laini bila doa. Flopi tatu kati ya tisa zilikuwa na madoa meupe kama unga. Ni ukungu. Flopi ya namna hiyo ikizungushwa, ukungu unahamia kwenye kichwa cha kusomea, na kichwa kichafu kinakwangua flopi inayofuata. Akaziweka kando. Ile ya kaka, tukishusha pumzi, ilikuwa safi.

Akasogeza pia kile kidude cha kona hadi tundu likabaki wazi. Kwenye flopi za inchi tatu na nusu, tundu likiwa wazi mashine inaruhusiwa kusoma tu, haiwezi kuandika wala kufuta. Ni kinga ya bure, na watu wengi hawakuitumia.

Kisha tukaliwasha dubwana. Feni zikanguruma, vumbi likatoka, mama akapiga chafya. Skrini ikaleta tarehe ya miaka mingi nyuma na onyo kwamba mipangilio imepotea. Hilo halikumshangaza mzee. Ndani ya kompyuta kuna betri bapa kama ya saa, inayotunza kumbukumbu ya tarehe na ya vifaa vilivyofungwa. Ikifa, mashine inasahau. Tulipofungua ukurasa wa mipangilio, mahali pa draivu ya flopi palisomeka kwamba hakuna kitu. Kompyuta haikujua hata kama ina tundu la flopi. Tukanunua betri dukani, ileile inayowekwa kwenye mizani na rimoti ndogo, tukairudishia mashine habari zake: draivu A, inchi tatu na nusu, megabaiti 1.44.

Ikaja hatua ya nenosiri. Mimi na mzee tukamtazama mama. Alisema hakumbuki. Kisha akakaa kwenye kiti, akaweka vidole kwenye kibodi bila kutazama, na vidole vikaandika vyenyewe. Ilikuwa lakabu ya kaka ya utotoni.

Taa isiyozimika

Draivu ilijulikana, lakini ile flopi ya majaribio haikusomeka. Mzee akazima mashine, akachomoa umeme, akafungua boma ili asafishe. Alipomaliza kurudishia, tukawasha, na taa ya kijani ya draivu ikawaka moja kwa moja bila kuzimika.

"Sasa imekufa kabisa," nikasema.

Mzee akacheka. "Hapana. Hapo nimekosea mimi."

Taa ya flopi inayowaka tangu mashine inapowashwa hadi inapozimwa, mara nyingi, ni alama ya waya kuchomekwa kinyume. Waya huo ni bapa kama utepe, na ukingo wake mmoja una mstari wa rangi. Mstari huo unapaswa kukaa upande wa pini namba moja. Pia sehemu ya waya imesokotwa karibu na mwisho, na draivu A huchomekwa baada ya msokoto. Aligeuza, taa ikatii. Akanionya kwamba wakati waya uko kinyume usiingize flopi unayoithamini, kwa kuwa inaweza kuharibiwa sekunde hiyohiyo. Nilitazama juu ya kabati nikaelewa kwa nini ile yetu iliachwa kule.

Bado haikusoma. Sasa tukabaki na mambo mawili: kichwa na mwendo wake.

Kichwa cha kusomea ni kidogo kuliko punje ya mchele, na viko viwili, cha juu na cha chini. Mzee alitumia kijiti chenye pamba na spiriti safi ya isopropili, akapangusa cha chini, kisha akanyanyua cha juu kidogo sana, kwa sababu kimeshikwa na springi nyembamba na ukikivuta kupita kiasi hakirudi mahali pake. Pamba ilitoka nyeusi. Niliuliza kama spiriti ya vidonda ya kwenye sanduku langu la huduma ya kwanza ingefaa. Akasema hapana: spiriti nyingine huchanganywa na mafuta au rangi, na zikikauka huacha utando.

Kisha akanionyesha fimbo nyembamba yenye mizingo kama skrubu, inayosukuma kichwa kutoka njia hadi njia. Grisi yake ilikuwa imeganda, imekuwa kama uji uliolala. Mota ilikuwa ikisukuma, kichwa hakifiki. Akaifuta grisi ya zamani, akaweka tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwa ncha ya sindano. Tone moja tu. Mafuta mengi yangerukia kwenye flopi.

Jambo moja hakuligusa. Kuna skrubu zinazoweza kurudisha kichwa katikati ya njia. "Mtu mwingine angekimbilia kuinyoosha," alisema. "Tukiinyoosha, haitasoma mwandiko wake wa zamani. Leo tunahitaji kosa lake."

Tukaingiza flopi ya majaribio. Krr, krr, krr. Zikaja barua za kikundi cha kuweka na kukopa, pamoja na orodha ya wadaiwa. Mama akazisoma majina kwa sauti huku akicheka.

Machi 1999

Ndipo ile ya juu ya kabati ikateremshwa.

Mara ya kwanza mashine ilisema imeshindwa kusoma. Mzee akabonyeza "jaribu tena". Ikashindwa. Akaitoa, akazungusha kitovu mara mbili kwa kidole, akairudisha, akabonyeza tena. Ikalia kwa muda mrefu kuliko ile nyingine, ikanyamaza, ikalia. Yakatokea mafaili manne.

Nilitaka kufungua papo hapo. Akanizuia mkono. "Nakili kwanza. Huenda ikakubali mara moja tu." Tukanakili yote manne kwenye diski ya ndani ya dubwana, akaitoa flopi na kuirudisha kwenye kopo. Tukafungua nakala.

Maandishi ya mama yalikuwa mafupi, ya katibu muhtasi, tarehe upande wa kushoto. Uzito, chanjo, jino la kwanza. Kisha hii:

"Machi 1999. Kikohozi. Amepewa kotrimoksazoli ya maji, asubuhi na jioni. Siku ya nane homa, vipele mwili mzima, midomo imechubuka, macho mekundu. Tumelazwa. Daktari amesema asipewe tena, wala dawa yoyote ya salfa."

Na chini kidogo:

"Novemba 1999. Sikio. Amoksilini ya maji, siku 5. Amepona. Hakuna vipele."

Na mbali zaidi:

"Juni 2003. Malaria. Nimekataa SP. Amepewa kwinini."

Mama alisoma mstari wa mwisho mara mbili. "Kumbe mwaka ule nilikuwa bado nakumbuka," akasema polepole. "Nilipokuja kusahau sijui."

Sindano alizozikumbuka kwenye simu zilikuwa za wodini, alipolazwa. Kadiri miaka ilivyopita, sindano na penisilini vikakaa pamoja kichwani mwake, na jina la dawa ya maji likadondoka. Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa hilo. Kumbukumbu ya mtu haitunzi majina ya dawa kwa miaka 26. Inatunza midomo ya mtoto.

Lakini angalia tulikokuwa tumefika. Amoksilini ni ya familia ya penisilini. Kwa miaka mingi kaka alikuwa akikimbia dawa ambayo aliwahi kuinywa ikamponya, na ile iliyomlaza hospitali ilikuwa wazi kwake katika duka lolote la dawa. Tulikuwa tumefunga mlango usio na mwizi, na ule wenye mwizi tumeuacha wazi.

Na milango ya salfa si michache. Kotrimoksazoli hutumika kwa maambukizi ya kawaida, na hupewa watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi kama kinga. SP, ambayo wajawazito hupewa kliniki kujikinga na malaria, nayo ina salfa. Tanzania Bara iliwahi kuitumia SP kama dawa ya kwanza ya kutibu malaria, kuanzia mwaka 2001 hadi 2006, kabla ya dawa mseto. Mstari ule wa Juni 2003 ni mama akimwokoa kaka kwa sentensi moja aliyomwambia nesi.

Nilipiga picha skrini kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Hatukuhitaji njia ya kisasa zaidi. Kaka akampelekea daktari Jumatatu.

Alichosema daktari

Daktari wa usingizi alisoma picha zote, akauliza maswali kwa simu moja kwa moja kwa mama, kisha akaandika kwenye faili la kaka kwa wino mwekundu: mzio mkali wa kotrimoksazoli na dawa za salfa. Kuhusu penisilini, alisema kuwa kutumia amoksilini siku tano bila tatizo, tena baada ya lile tukio, ni ushahidi wenye uzito, na yeye ndiye aliyeondoa lile neno.

Alieleza kwamba jambo hili si la kaka peke yake. Nchini Marekani, ambako limechunguzwa sana, takribani mgonjwa mmoja kati ya kumi husema ana mzio wa penisilini, lakini wengi mno kati yao wakipimwa hukutwa hawana. Wengine walipata kichefuchefu tu, wengine walipata vipele vya ugonjwa wenyewe, wengine mzio wao uliisha na umri. Ila akasisitiza: mgonjwa asijifutie mzio nyumbani. Unapeleka ulichonacho kwa daktari, yeye ndiye anaamua.

Alhamisi kaka alifanyiwa upasuaji. Jumamosi alikuwa nyumbani akilalamika kwamba uji hauna sukari.

Unachoweza kufanya leo jioni

Huhitaji kompyuta. Chukua daftari la mtoto au kadi ya kliniki, na kama mtoto wako amewahi kudhurika baada ya dawa, andika mambo matano:

Jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi au chupa, si "ile ya pinki". Kama boksi bado lipo, lipige picha.

Tarehe, na siku ya ngapi ya dawa tatizo lilianza. Mzio mwingine huja ndani ya dakika chache, mwingine baada ya wiki nzima kama wa kaka.

Kilichotokea hasa. Kuharisha au kichefuchefu kidogo mara nyingi ni maudhi ya kawaida ya dawa. Vipele vya kuwasha, kuvimba uso au kupumua kwa shida ni jambo jingine.

Kilichofanyika: dawa ilisimamishwa, alilazwa, alipewa nini.

Na hili wengi tunaliacha: dawa alizozitumia baadaye bila tatizo. Mstari wa Novemba ndio uliomfungulia kaka mlango.

Mtoto akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, akilegea ghafla, au ngozi, midomo na macho vikianza kuchubuka baada ya dawa, acha dawa hiyo na umpeleke hospitali mara moja. Beba chupa ya dawa. Kuandika kutafuata baadaye.

Ukishaandika, piga picha ukurasa huo, uutume kwa mzazi mwenzako na kwa ndugu mmoja. Kila unapobadilisha simu, hakikisha picha imehama nayo. Sony, kampuni iliyoitambulisha flopi ya inchi tatu na nusu mwaka 1981, iliacha kuiuza Japani mwaka 2011. Siku moja simu unayosomea safu hii nayo itakuwa stoo chini ya kitambaa. Karatasi haihitaji fundi, lakini karatasi hulowa. Weka vyote viwili.

Kabla sijaondoka Morogoro nilimuuliza mzee anatudai kiasi gani. Akataja bei ya betri na nauli ya bodaboda. Mama akamwongezea kuku.

Kisha mama akachukua daftari jipya la kurasa 64, akaandika juu "Afya – wajukuu", akanikabidhi. Wajukuu hana bado. Nimelipokea.